msmtp haitumi barua: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Malalamiko kuhusu msmtp huja kwa sura moja: "Nimeisakinisha, nimeandika mipangilio, haitumi." Neno hilo "haitumi" hubeba matatizo saba yasiyojuana kabisa, na dawa ya moja hulizidisha jingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jiulize: inakataa papo hapo, inakaa kimya kwanza, inalalamikia cheti, inakataa nenosiri, inakataa anwani, inasema imetuma na barua haionekani, au inatuma ukiwepo na kugoma usipokuwepo? Tafuta dalili yako hapa chini, uanze hapo.

Tukumbushane kwanza chombo chenyewe. msmtp ina kazi moja: inachukua ujumbe uliopewa na kuukabidhi kwa seva ya mtoa huduma wako wa barua pepe kupitia SMTP, itifaki ya kutuma barua. Haipokei barua. Haina foleni: seva ikikataa sasa hivi, ujumbe umerudi mikononi mwako, na hakuna atakayejaribu tena baadaye kwa niaba yako. Anayetoka kwenye Postfix au Exim, seva za barua zenye foleni, hulisahau hili, akakaa akisubiri barua ambayo haiko popote.

Mipangilio ninayoanzia kila mara ni hii, kwenye faili `~/.msmtprc`:

```
defaults
auth           on
tls            on
timeout        30
logfile        ~/.msmtp.log

account        binafsi
host           smtp.example.org
port           587
from           juma@example.org
user           juma@example.org
passwordeval   "gpg --quiet --no-tty --decrypt ~/.siri-barua.gpg"

account default : binafsi
```

Na jaribio ni hili, si kupitia Mutt au programu nyingine ya barua, si kupitia skripti ya bakapu:

```
printf 'To: juma@example.org\nSubject: Jaribio\n\nHabari.\n' | msmtp -t
```

Jitumie mwenyewe. Likishindikana hili, hakuna haja ya kuhangaika na programu nyingine yoyote.

Kosa likitokea, utasikia sauti mbili. Moja ni ya msmtp yenyewe, kwa mfano "authentication failed". Ya pili hutanguliwa na maneno "server message:" na hiyo ni seva inayozungumza. Watu husoma ya kwanza na kukimbilia kutafuta suluhisho, ilhali ya pili ndiyo inayotaja sababu, na mara nyingine huweka hata kiungo cha ukurasa wa msaada. Namba yake pia ina maana: ikianza na 4, seva inasema "si sasa, rudi baadaye", ikianza na 5, inasema "hapana", na kurudia amri ile ile mara kumi hakutabadili jibu.

Ukihitaji kuona mazungumzo yote, ongeza `--debug`. Lakini tahadhari: utaona mstari unaoanza na `--> AUTH PLAIN` ukifuatiwa na herufi zinazoonekana kama takataka. Hizo ni jina lako na nenosiri lako kwa base64, ambayo si usimbaji wa siri. Yeyote anaweza kuzisoma kwa amri moja. Usimtumie mtu matokeo hayo kabla ya kufuta mstari huo.

## Inakataa papo hapo, hata mtandao haijaugusa

Umebonyeza Enter na jibu limesharudi. Tatizo liko kwenye faili lako.

Sababu inayoongoza ni ruhusa za faili. msmtp ikikuta nenosiri ndani ya faili linaloweza kusomwa na watumiaji wengine, inagoma: "contains secrets and therefore must have no more than user read/write permissions". Dawa ni `chmod 600 ~/.msmtprc`. Kama inasema "must be owned by you", ulilitengeneza faili kwa sudo na sasa mmiliki wake ni root. Lirudishe kwako: `sudo chown $USER ~/.msmtprc`. Usijaribu kuizunguka kwa kuendesha msmtp yenyewe kwa sudo. Root ana makazi yake, kwa hiyo msmtp inaweza kwenda kutafuta faili kwenye `/root` na kukuambia haipo. Hapo unakuwa umezalisha tatizo la pili juu ya la kwanza.

Inayofuata ni "account default not found". Hapa ama msmtp haikuliona faili, ama imeliona lakini haikukuta akaunti ya kutumia. Piga `msmtp --version`. Kwenye matokeo kuna mistari inayokutajia faili gani inatarajia kusoma, la mfumo na la kwako. Linganisha na jina la faili ulilohifadhi, herufi kwa herufi. Nimeshakuta `.msmtprc.txt` zaidi ya mara moja. Kama faili lipo, angalia mstari wa `account default : binafsi`: lazima uje baada ya akaunti inayotajwa, si juu yake, na jina lifanane. Faili husomwa kutoka juu kwenda chini.

Yaliyobaki ni makosa ya kuandika. "line 9: unknown command prot" haihitaji maelezo.

Kuna amri ambayo wengi hawaijui na ingewaokoa jioni nzima: `msmtp -P`. Haitumi chochote. Inakuonyesha mipangilio kama ilivyoielewa, nenosiri likiwa limefichwa. Mara nyingi utakuta ulichodhani umeandika na ilichosoma ni vitu viwili tofauti, hasa ukiwa na akaunti tatu na sehemu ya `defaults` uliyoiweka chini badala ya juu.

## Inakaa kimya, kisha inakata tamaa

Mshale unapepesa, dakika inapita, mwishowe "connection timed out" au muunganisho unakatika bila maelezo. Hii ndiyo iliyonitesa mimi mwenyewe mwanzoni, jioni mbili mfululizo, na kisa chake kilikuwa mstari mmoja niliousahau.

Poti (milango ya seva) 587 na 465 hazizungumzi kwa namna moja. Kwenye 587 muunganisho huanza wazi, seva inasalimia kwanza, kisha pande mbili zinakubaliana kuhamia kwenye TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, kwa amri ya STARTTLS. Kwenye 465 TLS inaanza tangu sekunde ya kwanza, kabla ya salamu. Mimi niliweka `port 465` na `tls on`, nikaacha mengine. Kumbe `tls on` peke yake humaanisha STARTTLS. Basi msmtp ikasubiri salamu ya seva, na seva ikasubiri msmtp ianze TLS. Watu wawili kwenye simu, kila mmoja anangoja mwenzake aseme haloo. Kilichokosekana ni hiki:

```
port           465
tls_starttls   off
```

Ukikosea kinyume chake, yaani `tls_starttls off` kwenye 587, dalili ni tofauti: haikai kimya, inakurudishia "TLS handshake failed" mara moja, kwa sababu imetarajia TLS ikapokelewa kwa salamu ya maandishi ya kawaida. Hivyo kimya na kelele vinakuambia upande gani umekosea. Poti zote mbili ni halali. Tangu 2018, mwongozo wa RFC 8314 unapendekeza TLS ya moja kwa moja kama ile ya 465, lakini fuata alichosema mtoa huduma wako.

Kisha angalia kama umeandika `port` kabisa. Usipoandika, msmtp hutumia 25 (ila ukiwa na `tls_starttls off` hutumia 465), na poti hiyo ya 25 watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa majumbani ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka. Mtumiaji wa kawaida hana kazi na poti 25.

Mipangilio ikiwa sawa, pima njia bila kuihusisha msmtp:

```
nc -vz smtp.example.org 587
```

Ikifunguka, tatizo si mtandao. Isipofunguka, unganisha kompyuta kwenye data ya simu na urudie. Ikifunguka kwa simu na kugoma kwa Wi-Fi, kuna faiwoli njiani. Anza na ya kompyuta yako na ile iliyo ndani ya programu ya kuzuia virusi, halafu ruta.

Kama ujumbe ni "cannot locate host", hukufika hata mlangoni: jina la seva limekosewa au DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba za IP, haifanyi kazi. Kosa la kila siku hapa ni kuweka anwani ya seva ya kupokelea barua, ile inayoanza na imap au pop, mahali pa smtp.

Simama hapa ikiwa mtandao ni wa ofisi, chuo au taasisi yoyote. Poti ikifungwa huko, imefungwa kwa makusudi. Muulize msimamizi wa mtandao seva gani inaruhusiwa. Mara nyingi wana ya kwao ya ndani. Kuchimba handaki la VPN kuukwepa uamuzi wake ni kujitafutia kesi.

## Inalalamikia cheti

"TLS certificate verification failed", na baada ya hapo sababu. Isome hiyo sababu, kwani iko pale pale kwenye mstari.

Kabla ya yote piga `date`. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Kwa kompyuta hiyo cheti cha leo "bado hakijaanza kutumika", na msmtp inasema hivyo hivyo: "not yet activated". Sahihisha saa, washa usawazishaji wa muda kwa `timedatectl set-ntp true`, jaribu tena. Ikirudia kila unapozima, nunua betri.

Ikisema jina la mwenye cheti halilingani na seva, huenda umeandika jina la mkato, kama `mail.kikoachako` ambalo mtoa huduma amelielekeza kwenye seva yake, wakati cheti kimeandikwa jina la seva yenyewe. Tumia jina alilokupa kwenye maelekezo yake. Usiandike namba ya IP mahali pa `host`.

Mfumo mtupu au kontena jipya huweza kukosa orodha ya mamlaka za vyeti. Kwenye Debian na ndugu zake, sakinisha kifurushi cha `ca-certificates`. Na baadhi ya programu za kuzuia virusi hujipenyeza katikati ya muunganisho ili kuchungulia barua, zikawasilisha cheti chao badala ya cha seva. Ukizima ukaguzi wa barua pepe kwenye programu hiyo na kosa likatoweka, umempata.

Mtu atakuambia uweke `tls_certcheck off`. Itatuma, kweli. Itamtumia pia nenosiri lako yeyote aliyejifanya seva yako. Cheti kikilalamikiwa kwenye Wi-Fi ya watu na kikakubaliwa kwenye data ya simu, ondoka kwenye Wi-Fi hiyo, na kama ulikuwa umeshazima ukaguzi ukatuma hata mara moja, badilisha nenosiri. Cheti kikikataliwa kila mtandao na saa yako iko sawa, hilo ni la msimamizi wa seva. Kwako hakuna cha kurekebisha.

## 535: inakataa nenosiri

Hapa ndipo wanapokwama wengi, na wengi wao nenosiri lao ni sahihi. Wameingia nalo kwenye kivinjari dakika mbili zilizopita, ndiyo maana wanaapa kwamba msmtp ina kasoro.

Kinachotokea ni kwamba watoa huduma wakubwa hawapokei tena nenosiri la kawaida kutoka programu za aina hii. Google walilifunga kwa akaunti za binafsi tarehe 30 Mei 2022. Tangu hapo unahitaji nenosiri la programu: herufi 16 unazotengenezewa kwa ajili ya msmtp tu, na ili uruhusiwe kulitengeneza sharti uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiona 534 na maneno "Application-specific password required", ndilo wanalokudai. Skrini huonyesha herufi hizo kwa makundi manne ya nne nne. Ziandike mfululizo bila nafasi.

Kuna mtego ndani yake. Ukibadilisha nenosiri kuu la akaunti ya Google, manenosiri ya programu hufutwa. Kwa hiyo anayesema "jana ilikuwa inatuma, leo 535, sijagusa kitu", mwulize kama alibadilisha nenosiri kuu. Aghalabu atanyamaza kidogo, kisha aseme ndiyo.

Kwa Outlook.com hali ni nzito zaidi. Tangu 16 Septemba 2024 akaunti za binafsi za Microsoft hazikubali uthibitishaji wa jina na nenosiri kwenye programu za barua. Lazima OAuth 2.0, yaani programu hutoa tokeni, kibali cha muda, badala ya nenosiri. msmtp inaijua, kwa `auth xoauth2` au `auth oauthbearer`, ila haikuombei tokeni. Unatafuta skripti ya kuomba tokeni na kuihuisha, kwani moja hudumu muda mfupi, kisha unaiita kupitia `passwordeval`, mpangilio unaotaja amri ya kuipa msmtp nenosiri. Inawezekana na watu wanafanya. Ila kama unachotaka ni taarifa ya bakapu tu, ushauri wangu ni kufungua akaunti nyingine kwa mtoa huduma anayekubali nenosiri la programu, uitumie kwa kazi hiyo peke yake.

Kama mtoa huduma wako si miongoni mwa hao, rudi kwenye mambo madogo. `user` mara nyingi ni anwani nzima pamoja na kikoa, si "juma" peke yake. Kisha jaribu amri ya `passwordeval` kwa mkono uone inatoa nini:

```
gpg --quiet --no-tty --decrypt ~/.siri-barua.gpg | cat -A
```

`cat -A` inaanika kila kilichojificha. Mstari mzima uishe na `$` tu. Ukiona `^M$`, faili liliandikwa kwenye Windows na lina herufi ya ziada mwishoni. Ukiona nafasi kabla ya `$`, uliinakili pamoja na nenosiri. (Fanya hivi ukiwa peke yako, nenosiri litaonekana kwenye skrini.) Ikiwa gpg yenyewe inagoma kufungua kwenye terminali, ondoa `--no-tty` kwa jaribio hilo, au piga kwanza `export GPG_TTY=$(tty)`.

Usijaribu na kujaribu. Baada ya mara kadhaa za kukosea, seva nyingi huifungia akaunti au anwani yako ya IP kwa muda, na kuanzia hapo hata nenosiri sahihi litakataliwa, ukakosa kujua kama dawa imefanya kazi. Mara ya tatu ikishindikana, acha kwa saa moja. Na ukipata taarifa kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka mahali usipopajua, achana na msmtp kabisa. Ilinde akaunti kwanza, pamoja na watu wa msaada wa mtoa huduma.

## Nenosiri limepita, anwani imekataliwa

"envelope from address ... not accepted by the server": seva imekutambua lakini haikuruhusu kutuma kwa jina hilo. Kwa kawaida `from` na `user` havifanani, au una akaunti mbili na barua ya kazini imepitia akaunti ya nyumbani. Itaje akaunti waziwazi: `msmtp -a kazini -t`.

"recipient address ... not accepted" ikiambatana na maneno "relay access denied" humaanisha seva haijakutambua kabisa, huenda ulisahau kuandika `auth on`. Ikitaja mpokeaji asiye na kikoa, kama "root" au "juma", soma sehemu ya cron (kipangaji cha kazi zinazojiendesha kwa ratiba) chini. Ikiwa namba ni 451 au 450, seva inakuomba urudi baada ya dakika kadhaa, na kwa vile msmtp haina foleni, skripti yako ndiyo ya kurudi. Kifurushi huja na `msmtpq` kwa kazi hiyo.

552 ni ukubwa. Kiambatisho huvimba kwa karibu theluthi moja kinapogeuzwa base64, hivyo faili la MB 20 linakuwa kama MB 27 njiani, na huenda likavuka kikomo cha seva.

## Inasema imetuma, mpokeaji hajaona

Fungua `~/.msmtp.log`. Mstari wa mwisho ukiwa na `smtpstatus=250` na `exitcode=EX_OK`, msmtp imemaliza kazi yake. Barua iko mikononi mwa seva na lawama imehama. Ule mstari una pia namba ya utambulisho ambayo seva imeipa barua, ndani ya `smtpmsg`. Hiyo ndiyo msaada wa mtoa huduma atakayokuomba, ihifadhi.

Mwambie mpokeaji aangalie folda ya taka. Usidharau hatua hii kwa sababu ni rahisi. Kisha angalia kikasha cha anwani uliyoiweka kwenye `from`. Barua iliyokwama hurudishiwa huko, na kama anwani hiyo huisomi kamwe, taarifa zimelundikana bila mtu wa kuzisoma.

Ikiwa imeangukia kwenye taka, linganisha kichwa cha `From:` ndani ya barua na seva unayopitia. Barua inayosema imetoka gmail.com huku imepitia seva ya kikoa kingine hushindwa ukaguzi wa DMARC, na mara nyingi wa SPF pia (kanuni zinazoonyesha nani ana haki ya kutuma kwa jina la kikoa), na hapo hakuna mpangilio wa msmtp utakaoisaidia isipokuwa kutuma kupitia seva husika. Kwa kikoa chako mwenyewe, rekodi za SPF, DKIM (saini ya kikoa kwenye barua) na DMARC hukaa kwenye DNS. Tangu Februari 2024 Google huwataka wanaotuma barua kwenye Gmail wawe na angalau SPF au DKIM. Kama hujawahi kuhariri DNS, mpe anayejua: rekodi moja ikikosewa, barua za kila anayetumia kikoa hicho zinaathirika, na mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa kusambaa.

Barua ikifika ikiwa haina mwili, au sentensi ya kwanza imetoweka, msmtp haina hatia. Tazama skripti hii:

```
printf 'To: juma@example.org\nSubject: Bakapu\nKumbuka: diski imejaa\n' | msmtp -t
```

Hakuna mstari mtupu baada ya Subject. Kwa hiyo "Kumbuka: diski imejaa" kimesomwa kama kichwa kingine cha barua, kina nukta pacha na kila kitu, kikafichwa na programu ya mpokeaji. Barua imefika tupu, na diski imeendelea kujaa. Weka `\n\n`.

## Kwa mkono inatuma, kwenye cron haitumi

Cron huendesha kazi katika mazingira makavu: huna terminali, huna kikao cha dawati, PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) ni fupi.

Mshukiwa wa kwanza ni `passwordeval`. gpg inataka kukuuliza neno la kufungulia na hakuna wa kumjibu usiku wa manane. Amri ya `secret-tool`, inayosoma ghala la manenosiri la dawati, nayo inategemea kikao ulichoingia. Kwa kazi za usiku, wengi huishia kuweka nenosiri la programu ndani ya faili lenye ruhusa 600, la akaunti isiyo na kitu kingine cha thamani. Si jambo la kujivunia, lakini linaeleweka, mradi diski imesimbwa.

Wa pili: cron haitafuti msmtp, inatafuta `/usr/sbin/sendmail`. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha `msmtp-mta` ndicho kinachoweka kiungo hicho. Kabla ya kukisakinisha soma apt inataka kuondoa nini. Ikitaja Postfix au Exim kwenye mashine ambayo watu wengine wanaitegemea kwa barua, jibu hapana, umwite anayeisimamia.

Wa tatu: cron hutuma kwa mtumiaji wa ndani ya kompyuta, "juma" mtupu, na seva ya nje haimjui. Ongeza `aliases /etc/aliases` kwenye mipangilio, na ndani ya faili hilo andika `default: juma@example.org`. Kama seva inakataa pia kichwa cha From kinachosema "root", weka `set_from_header on`.

Wa nne ni AppArmor, ulinzi wa Linux unaoweka mipaka ya mafaili ambayo programu inaweza kugusa, na huyu ni mjanja. Kwenye Debian na Ubuntu msmtp inaweza kuwa imefungiwa kugusa mafaili machache yanayojulikana. Ukihamishia logi kwenye folda yako nyingine, au ukaita skripti yako mwenyewe kwenye `passwordeval`, utapata "Permission denied" huku `ls -l` ikionyesha ruhusa zote ziko sawa. Thibitisha kwa `journalctl -k | grep -i msmtp`. Neno DENIED litakuwepo. Rahisi ni kurudisha logi kwenye `~/.msmtp.log`. Kuandika kanuni zako kwenye `/etc/apparmor.d/local/` kunawezekana, ila kama ni mara yako ya kwanza usizime AppArmor nzima kwa ajili ya faili moja la logi.

Ukifika kwa fundi au msaada wa mtoa huduma, mpelekee vitu vitatu: matokeo ya `msmtp -P`, mstari wa mwisho wa logi, na saa uliyojaribu pamoja na ukanda wa saa. Kama ulishabandika matokeo ya `--debug` mahali wengine wanapoweza kuyaona, futa nenosiri lile la programu sasa hivi na utengeneze jingine, hata kama barua zinakwenda.